Mtangazaji Akihama, Usiulize Amegombana na Nani

Mnajua inavyokuwa. Ijumaa jioni, habari za saa moja zinakaribia kwisha. Msomaji anapanga karatasi zake, anatabasamu kwa uzito kidogo, halafu anasema leo ndiyo mara yake ya mwisho kukaa hapo. Wenzake wanaingia na keki. Kabla hajashuka kitini video imeshafika kwenye simu za nusu ya mji. Saa nne usiku upelelezi wa wananchi umekamilika: amefutwa, hapana, amenunuliwa, hapana, bosi mpya hamtaki, hapana, kuna mambo ya mapenzi hapo. Jumatatu picha yake inatokea akiwa na nembo ya kituo kingine, na mjadala unaanza upya.

Wale wa juzi na jana hatutawataja hapa. Kandarasi zao ni zao, na umbea wenyewe mnaujua kutuliko. Leo tunataka kurudi nyuma, kwa sababu ukipanga safari za watangazaji wa Kenya kwenye mstari mmoja tangu mwanzo utagundua jambo: hawa watu hawahami ovyo. Wanahama kwa makundi, na kila kundi huhama wakati kuna kitu kikubwa kimebadilika mahali ambapo kamera haifiki. Sheria imebadilika, au mwenye mali, au mitambo, au njia inayopita pesa ya matangazo ya biashara. Sura ndiyo ya mwisho kubadilika, lakini kwa kuwa ndiyo tunayoiona, tunadhani hadithi imeanzia hapo.

Kwa hiyo mtangazaji akihama, usiulize amegombana na nani. Uliza nini kimebadilika.

Enzi za kiti kimoja

Runinga ilifika Kenya mwaka 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Mwaka 1964 serikali ililichukua shirika la utangazaji, likawa Sauti ya Kenya, ile ambayo wazee wetu bado wanaiita VoK. Jina la KBC lilirudi mwaka 1989. Kwa karibu miaka 30, basi, mtu aliyesoma habari kwenye runinga hakuwa na pa kuhamia. Kituo kilikuwa kimoja, mwajiri mmoja, na mwajiri huyo alikuwa serikali. Habari zilifunguliwa na Mtukufu Rais: leo ameenda wapi, amefungua nini, amewaonya akina nani. Msomaji hakuchagua habari. Kazi yake ilikuwa kuzitamka vizuri.

Na walizitamka vizuri, hilo hakuna anayebisha. Lakini ona kilichotokea Agosti 1, 1982. Wanajeshi wa angani walipojaribu kupindua serikali, walikimbilia kituo cha utangazaji, halafu wakaenda kumtoa Leonard Mambo Mbotela nyumbani kwake ili atangaze redioni kwamba serikali imeanguka. Silaha walikuwa nazo, mitambo walikuwa nayo, na watu wa kusoma karatasi hawakukosekana miongoni mwao. Kwa nini basi wahangaike kumtafuta raia mmoja alfajiri? Kwa sababu nchi ilikuwa imezoea kuamini sauti yake. Tangazo lilelile likisomwa na sauti ya mgeni ni uvumi. Likisomwa na Mbotela ni habari.

Mapinduzi yalizimwa siku hiyohiyo. Mbotela aliendelea na kazi kwa miaka mingi, kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana? kikampa umaarufu usiochuja, na alipofariki Februari 2025 hata waliozaliwa baada ya 2000 walimjua. Ila somo la asubuhi ile lilibaki. Mitambo ni ya mwenye kituo, lakini imani ya watu inakaa kwa mtu. Kila aliyemiliki kituo tangu siku hiyo amekuwa akijaribu kuinunua imani hiyo, kuikodisha au kuinyamazisha.

1990: mlango wa kwanza unafunguka

Machi 1990 ilianza KTN, mradi wa mfanyabiashara Jared Kangwana. Mwanzoni ilionekana Nairobi na viunga vyake tu, na sehemu kubwa ya matangazo yake ilikuwa ya kuchukuliwa nje, ikiwemo CNN. Studio zilikuwa juu kabisa ndani ya Nyayo House. Ndiyo, jengo lilelile ambalo huko chini kwenye vyumba vya ardhini watu walikuwa wakiteswa kwa sababu ya siasa. Nairobi ya wakati huo ilikuwa hivyo.

Kwa watangazaji, KTN ilileta kitu ambacho hakikuwahi kuwepo: mahali pa pili. Catherine Kasavuli alikuwa ameanza VoK mwaka 1980 akiwa binti wa miaka 18. KTN ilipofunguliwa akahamia huko na kuwa miongoni mwa sura zake za kwanza. Leo uhamisho wa aina hiyo ungeisha kwa picha mbili na maneno ya kushukuru. Wakati ule ilikuwa ni kumuacha mwajiri ambaye ndiye serikali, ukaenda kwenye biashara ambayo hakuna aliyejua kama itafikisha mwaka.

Waliobaki KBC nao hawakuwa wajinga. Kule kulikuwa na pensheni, nyumba, na mawimbi yaliyofika vijijini. KTN ilikuwa ya watu wa mjini. Lakini kuanzia hapo msomaji wa habari alikuwa na bei, kwa sababu kulikuwa na mtu mwingine anayeweza kumhitaji.

Soko linachangamka

Mlango wa kwanza ulifunguliwa na mtu mmoja. Wa pili ulifunguliwa na sheria. Mwaka 1998 Bunge lilipitisha sheria ya mawasiliano iliyounda tume ya kusimamia masafa, na ndani ya miaka michache hewa ya Nairobi ikajaa. Kampuni ya magazeti ya Nation ilianzisha runinga yake Desemba 1999, ndiyo NTV ya leo. Citizen ya S.K. Macharia nayo ilianza mwaka huohuo. KTN wakati huo ilikuwa imeshaingia mikononi mwa wenye gazeti la Standard.

Citizen ya kwanza haikutisha mtu. Iliyotisha ni ile ya 2006, ilipozinduliwa upya. Na hapa ndipo watu wanapokosea wanapoisimulia hadithi hii, kwa sababu wanaanza na sura. Wanakumbuka walivyoshtuka kumwona huyu aliyekuwa NTV na yule aliyekuwa KTN wamekaa meza moja. Lakini waliotangulia kuhama hawakuwa wa mbele ya kamera. Wachira Waruru, aliyekuwa mkuu wa KBC, ndiye aliyekwenda kuiongoza Royal Media. Farida Karoney alitoka kwenye chumba cha habari cha KTN akaenda kuwa kigogo wa uhariri huko huko, na miaka kadhaa baadaye, 2018, akawa waziri wa ardhi.

Hii ni kanuni ambayo bado inafanya kazi. Mhariri mkuu akihama, hesabu miezi. Anajua nani ana kandarasi inayoisha, nani amenyimwa nyongeza ya mshahara, nani ana uwezo lakini amewekwa habari za saa saba mchana ambako watazamaji ni wachache. Atawapigia simu mmoja mmoja. Sisi tutaona watu watano wameondoka kituo kimoja na kusema kuna vita ndani, kumbe aliyewaajiri mara ya kwanza ndiye anayewaajiri tena.

Wakati huohuo bei ilikuwa inapanda kwa sababu nyingine: kuonekana kwenye taarifa kulianza kuwa na hatari. Usiku wa kuamkia Machi 2, 2006, polisi waliofunika nyuso walivamia ofisi za Standard na KTN, wakachoma magazeti na kuzima kituo. Desemba 30, 2007, nchi ikiwa imeanza kuwaka baada ya matokeo ya urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Mtu aliyekaa mbele ya kamera siku zile hakuwa anasoma tu. Alikuwa anapima kila neno, akijua kuna nyumba huko nje zinazoweza kuchomwa kwa sababu ya sentensi moja.

Karibu na kipindi hicho ndipo ilipokuja K24 ya Rose Kimotho, kituo cha kwanza nchini kuahidi habari saa 24, na sura yake kubwa ilikuwa Jeff Koinange, aliyetoka CNN. Baadaye kituo kiliuzwa kwa kampuni ya Mediamax. Koinange naye akaenda KTN, na mwaka 2017 akatua Citizen. Mfuate huyo mtu mmoja na utakuwa umefuata pesa ya runinga ya Kenya kwa miaka kumi.

Saa moja inapoishinda saa tatu

Sasa tuje kwenye sehemu ambayo sisi wa Kiswahili tunapaswa kuijua kwa moyo.

Kwa miaka mingi heshima ilikuwa saa tatu usiku, kwenye habari za Kiingereza. Huko ndiko kulikokaa suti za bei, mahojiano na mawaziri, na mishahara iliyosemwa kwa kunong'ona. Taarifa ya Kiswahili ya saa moja ilichukuliwa kama ya watu wa nyumbani: mama yuko jikoni, mtoto anamalizia kazi ya shule, baba ndiyo anafungua mlango. Wasomaji wake wengi walitoka Pwani, kwa sababu huko ndiko Kiswahili kilikokuwa cha kuzaliwa nacho, na wengi walikuwa wamepitia redio kwanza. Badi Muhsin wa KBC alikuwa kama mwalimu wao wote. Ukimsikiliza ulisahau kwamba kuna karatasi mbele yake.

Nini kilibadilika? Runinga iliacha kuwa ya watu wa mjini peke yao. Mtazamaji mpya alikuwa Kisii, Kakamega, Nyeri na Malindi, na lugha iliyowafikia wote kwa wakati mmoja ni Kiswahili. Citizen ililisoma hilo mapema kuliko wenzake. Ikaijaza jioni na vipindi vya nyumbani, Papa Shirandula, Inspekta Mwala, Tahidi High, na Nipashe ikawekwa katikati ya hayo yote. Mtu aliwasha runinga kusubiri vichekesho akapata habari, au aliwasha kwa habari akabaki kwa vichekesho. Mwenye sabuni au unga wa kuuza hakuhitaji kuelezwa zaidi. Watu wake ndio waliokuwa wamekaa pale.

KTN Leo na NTV Jioni nazo zikaongeza nguvu. KTN ikatoa Jicho Pevu, upelelezi kwa Kiswahili ambao ulisumbua wakubwa kuliko taarifa nyingi za Kiingereza, na Mohammed Ali aliyeuongoza akachaguliwa mbunge wa Nyali mwaka 2017. Katiba ya 2010 ilikuwa imeshakipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi, lakini tuseme ukweli, Katiba haikumpandishia mtangazaji mshahara. Aliyempandishia ni mtazamaji wa saa moja.

Ndiyo maana kuanzia hapo vita vya kugombania watu vilihamia upande wa Kiswahili. Kanze Dena na Lulu Hassan walipokuwa wakisoma Nipashe wikendi pamoja, watu walipanga Jumapili yao kwa kuwafuata. Dena alipoitwa Ikulu mwaka 2018, Citizen haikutafuta mtu wa kuziba pengo tu. Ilimtoa Rashid Abdalla NTV na kumkalisha pembeni ya Lulu, ambaye ni mkewe. Mume na mke wanasoma habari pamoja, jambo ambalo Kenya haikuwahi kuliona. Wengine walisema ni mbwembwe. Labda. Lakini angalia hesabu: kwa uhamisho mmoja kituo kiliziba pengo, kikamdhoofisha mshindani, na kikapata hadithi ambayo watu waliisambaza bure wiki nzima.

Mitambo inazimwa, watu wanatawanyika

Februari 14, 2015, Siku ya Wapendanao, Wakenya waliwasha runinga wakakuta vumbi. Serikali ilikuwa inahamisha nchi kutoka analojia kwenda dijitali, na KTN, NTV, Citizen na QTV walikuwa kwenye mvutano nayo kuhusu nani atarusha mawimbi ya nani. Vituo hivyo vilikaa nje ya hewa karibu wiki tatu.

Watu wanaikumbuka kama hadithi ya king'amuzi, kama ununue kipi na bei gani. Kwa watangazaji ilikuwa kubwa zaidi ya hapo. Chini ya analojia, masafa yalikuwa machache, kwa hiyo vituo vilikuwa vichache, kwa hiyo viti vilikuwa vichache na vya thamani. Dijitali iliondoa uchache huo. Mwaka huohuo KTN ilijigawa, KTN News ikasimama peke yake kwa habari kutwa nzima, na Royal Media ikafungua Inooro TV kwa Kikuyu. Vijana waliokuwa wakisubiri kiti miaka mitano walikipata kwa miezi. Ila pesa ya matangazo haikuongezeka kwa sababu vituo vimeongezeka. Ilikatwa vipande vidogo zaidi. QTV, kituo cha Kiswahili cha Nation, kilifungwa mwaka uliofuata, 2016. Kumbuka hilo ukisikia kwamba vituo vingi maana yake ni kazi nyingi.

Halafu ikaja Januari 30, 2018. Raila Odinga alikuwa anaapishwa na wafuasi wake Uhuru Park, na serikali ilikuwa imeonya vituo visionyeshe. NTV, KTN News, Citizen na Inooro vilizimwa. Vingine vilirudi baada ya siku kama sita, vingine zaidi, licha ya Mahakama Kuu kuagiza viwashwe. Linus Kaikai, Larry Madowo na Ken Mijungu wa NTV walilala ofisini kwa sababu polisi walisemekana kuwasubiri nje, mpaka mahakama ilipowapa dhamana ya kuzuia wasikamatwe.

Sasa angalia mwaka huo ulivyoisha. Kaikai akahamia Royal Media. Madowo akaenda BBC, na siku hizi mnamwona CNN. Huko nje watu walihesabu mishahara. Hakuna anayekataa kwamba mshahara ulikuwepo, lakini mtu akilala ofisini kwa hofu ya kukamatwa, halafu baada ya miezi akabadilisha mwajiri, mshahara hauwezi kuwa maelezo yote.

Milango mitatu

Kuanzia hapo anayeondoka kwenye kiti cha habari mara nyingi hupita kwenye mmoja wa milango mitatu.

Wa kwanza ni Ikulu. Kanze Dena alikuwa msemaji chini ya Uhuru Kenyatta. Hussein Mohamed aliondoka Citizen Oktoba 2019, akaja kuwa msemaji wa Ikulu ya William Ruto baada ya uchaguzi wa 2022. Kuna ubishi kuhusu mlango huu kila mara, na ubishi ni halali. Yuleyule aliyekuwa akimbana waziri kwa maswali sasa ndiye anayemsaidia rais kujibu. Lakini mkumbuke Mbotela na wale wanajeshi. Mwenye mamlaka amejua tangu zamani kwamba sauti iliyoaminiwa ina thamani kuliko tangazo zuri. Tofauti ni kwamba siku hizi anatuma barua ya uteuzi.

Wa pili ni nje, hata kama mwili unabaki Nairobi. BBC ilipanua ofisi yake ya Nairobi mwaka 2018 na kuvuta watu kutoka karibu kila kituo. Waihiga Mwaura aliondoka Citizen mwaka 2022 akaenda kuongoza Focus on Africa. Victoria Rubadiri alimfuata mwaka 2023, yeye akaelekea CNN. Wote wawili walikuwa wameshashinda tuzo ya Komla Dumor ya BBC. Tunajivunia, na tuna haki. Ila kila anayeondoka kwa mlango huu anaanza kuieleza Kenya kwa dunia, na nafasi ya kuieleza Kenya kwa Wakenya inabaki wazi.

Wa tatu ndio wanaoupenda vijana: kuwa na chako. Lulu na Rashid walianzisha kampuni ya filamu, na tamthilia kama Maria na Zora zikatoka kwao, zikaonyeshwa na kituo kilekile kinachowalipa kusoma habari. Wengine wana chaneli za YouTube, ushauri, au kuongoza hafla. Hili halikutokea kwa sababu watangazaji wamekuwa na tamaa. Mwaka 2020, korona ilipokausha matangazo ya biashara, vyombo vikubwa vilikata mishahara na vingine vikafuta watu kazi, na kila mmoja kwenye tasnia aliona sura maarufu zikiondoka bila keki. Baada ya hapo nani angetegemea kandarasi moja?

Kuna mlango wa nne, wa nadra, ambao unarudi ndani. Mwaka 2021 KBC iliyojipaka rangi mpya iliwaita wakongwe wake wakae tena kwenye meza ya habari. Kasavuli alirudi. Badi Muhsin alirudi. Watu waliokuwa wamesahau namba ya KBC kwenye king'amuzi waliitafuta. Muhsin alifariki mwaka huohuo wa 2021, na Kasavuli akamfuata Desemba 29, 2022, baada ya kuugua saratani ya mlango wa kizazi ambayo hakuificha. Jinsi nchi ilivyowalilia ilionyesha kwamba kile walichokijenga kwenye kiti kimoja cha serikali hakikuwa mali ya serikali hata kidogo.

Kwani inatuhusu nini sisi wa simu?

Utasema: mimi runinga sina, habari naziona kwenye simu, sekunde arobaini, maandishi chini. Sawa. Wengi tuko hivyo. Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilipoagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja na mitambo ya baadhi yao ikazimwa, watu walihamia mtandaoni na kuendelea kutazama vituo vilevile mpaka Mahakama Kuu iliposimamisha agizo. Mtambo ulizimika na habari ikapita njia nyingine.

Lakini ona walichokitafuta walipofika mtandaoni. Video zilikuwepo kwa maelfu, kutoka kila kona ya barabara. Wengi bado walitafuta kituo wanachokijua, na ndani yake, mtu wanayemjua. Kwa sababu picha peke yake haijibu swali la hii ni ya leo au ya mwaka jana, ya hapa au ya nchi nyingine. Inahitaji mtu wa kusimama nayo na kusema: nimeiangalia, ni ya kweli.

Tuliliona wazi zaidi Agosti 2022. Tume ya uchaguzi iliweka fomu za vituo vya kupigia kura mtandaoni na kila kituo cha runinga kikaanza kujumlisha chake. Muda mmoja, nambari tofauti, chaneli kwa chaneli. Nchi nzima ilikaa na rimoti mkononi ikiruka huku na huku, na swali halikuwa nani ana hesabu ya haraka. Swali lilikuwa nani nimwamini. Uliangalia uso wa msomaji, ukasikiliza anavyosema hizi si nambari za mwisho, ukaamua kulala au kukesha. Imani ya namna hiyo haijengwi usiku mmoja wa uchaguzi. Inajengwa kwa jioni elfu za kawaida, za bei ya unga na ajali ya Salgaa, mtu yuleyule, sauti ileile.

Hapo ndipo uhamisho wa watangazaji unapoacha kuwa udaku. Kituo kinachobadilisha meza yake kila miezi sita kinaweza kupata sura nzuri zaidi na kulipa kidogo zaidi. Ila kila mara kinaanza upya kuhesabu zile jioni. Na uchaguzi ni 2027.

Kwa hiyo keki ijayo ikikatwa, na itakatwa tu, furahia video, andika maneno yako ya kuaga. Halafu tafuta mambo manne. Kituo kimebadilisha mhariri mkuu karibuni? Kimeuzwa, au mwenye kituo ana siasa mpya? Mishahara imechelewa? Kuna uchaguzi unakuja? Mara nyingi utapata jibu hapo, na jina la anayedaiwa kuwa mpenzi wake halitakuwemo.